Tarehe za Marehemu Ludger

Kamba ya mwisho ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na meli inarudi kinyumenyume kutoka gatini pale La Baie, nilipoinua macho kwenye milima nikajua nimeumbuka. Kijani kitupu. Kijani huku, kijani kule, kijani mpaka mto Saguenay unapokata kona na kupotea. Hapa na pale tawi moja limegeuka njano, kama mgeni aliyekosea siku ya harusi. Mengine yote yalikuwa kama ya mwezi wa saba.

"Haya, tumekuja kutazama kabichi," akasema Huguette kwa sauti, abiria wote wasikie. "Shemeji Zenon, hongera. Kabichi nzuri sana."

Huyu Huguette ni jirani yetu, nyumba ya pili kutoka kwetu, na rafiki wa mke wangu tangu walipokuwa wasichana wa kwaya. Ana mdomo. Watu wawili watatu wakacheka. Mimi nikajitia kufunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimefungwa.

Mke wangu Fernande hakucheka wala hakunisema. Afadhali angenisema. Alikwenda akakaa benchi la pili, upande wa kushoto, akajifunga kitambaa kidevuni, akapakata kapu la chakula. Nilijua kwa nini benchi la pili upande wa kushoto. Ndilo alilokuwa akikaa na Ludger.

Ludger alikuwa mume wake wa kwanza. Nilipofika kijijini kwao alikuwa ana mwaka na miezi kaburini. Mimi ni mtu wa pwani ya Gaspé na nimezunguka sana. Nimekata magogo, nimepakia meli kwenye maziwa makuu, nimevuna viazi kule Maine, nimepika kambini kwa wachimba chuma wa kaskazini. Shule nilisoma vipande vipande, msimu ambao hapakuwa na kazi. Kwa Fernande nilikuja kuezeka paa la banda. Paa lilichukua wiki mbili, mimi nikachukua miaka. Tulifunga ndoa kanisani, yeye ana sitini na nne, mimi sitini na saba, padri akiangalia saa kwa sababu palikuwa na mazishi nyuma yetu.

Basi nikaingia katika nyumba ya Ludger. Nikakalia kiti cha Ludger, nikalala upande wake wa kitanda. Buti zake zilinitosha, na hilo liliniudhi kuliko kama zingenibana. Kijijini hakuna aliyeniita Zenon. Dukani, posta, kwa kinyozi, nilikuwa "yule wa mjane wa Ludger". Nilivumilia. Mtu aliyelala kambi nyingi anazoea kitanda chenye harufu ya mwenzake.

Nilichoshindwa kuvumilia ni majani.

Nyuma ya mlango wa stoo ya chakula zilitundikwa kalenda za parokia, moja juu ya nyingine, za miaka ishirini na sita. Katika kila kalenda, mwisho wa Septemba au mwanzo wa Oktoba, Ludger alikuwa amezungushia siku moja kwa penseli, pembeni ameandika neno moja: Yameiva. Hiyo ndiyo siku aliyompandisha mkewe meli kwenda kutazama milima. Miaka ishirini na sita, hakukosea hata mara moja. Na kwetu hilo si jambo dogo. Rangi kamili inakaa siku nne, tano. Ukiwahi unaona kijani, ukichelewa, upepo mmoja umeshapita, unaona vijiti. Watu wanatoka Montreal, wanakosa. Wenye hoteli wanakosa na milima iko dirishani kwao. Nasi kijiji chetu kiko uwandani, saa mbili kwa gari kutoka mtoni, milima yenyewe huioni. Ludger, mtu wa kiwanda cha karatasi, alikuwa hakosi.

"Alikuwa anayanusa," Fernande aliniambia. "Anatoka nje asubuhi na kikombe chake cha kahawa, anasimama chini ya ule mti wa uani, anavuta pumzi. Anarudi ndani: Fernande, Alhamisi. Basi ikawa Alhamisi."

"Pua tu?"

"Pua tu. Kipaji."

Mwaka wetu wa kwanza nilimpeleka kwa kufuata kalenda zile. Nilichukua katikati ya tarehe zote, ikaangukia vizuri. Uzuri ule siwezi kuusimulia. Nyekundu ya damu, njano ya kiini cha yai, na maji meusi chini yanairudisha yote mara ya pili. Fernande akanishika mkono. Nikangoja aseme neno. Akasema, "Ludger angeipenda hii."

Nilitaka kumtupa mtoni, na mtu mwenyewe ameshazikwa.

Ndipo nikaapa kwamba mwaka unaofuata nitachagua mimi, bila kalenda. Nilimwambia Fernande hivyo hivyo, tukiwa mezani.

"Chagua," akasema. "Ila ujue, Zenon, mimi ni mara moja tu kwa mwaka. Mguu wangu huu hauwezi kupanda na kushuka ngazi za meli kila wiki. Ukikosea, mwaka wangu umepotea."

"Sitakosea."

Nilichotaka kilikuwa kimoja tu. Ashuke melini jioni aseme: Zenon ndiye aliyenileta siku hii. Jina langu, likisimama peke yake, bila la yule mwingine nyuma yake. Nilikitaka kitu hicho vibaya sana, kwa umri wangu ilikuwa aibu.

Sasa, ule mti wa uani. Ni mti wa sukari, mmoja tu, Ludger aliupanda walipooana. Mwezi wa tatu theluji inapoanza kulegea huugemwa. Unatoboa shina, unachomeka mrija, unatundika ndoo, maji yake unayachemsha mpaka yawe asali ya mti. Mimi niliwaza: mtu anasimama chini ya mti kila asubuhi halafu anataja siku. Pua gani! Alikuwa anausoma mti. Nikajiona nimemfumania marehemu na siri yake mkononi. Mwanzoni mwa Septemba mti ukaanza kuwaka kileleni. Tarehe kumi ulikuwa mwekundu wote, majirani wanasimama kuutazama. Miti mingine ya kijiji ilikuwa bado imelala. Nikasema hiyo haijui, unaojua ni huu. Nikaenda kukata tiketi tatu za tarehe kumi na tisa, mbili zetu na moja ya Huguette, ambaye Fernande alimwalika bila kuniuliza.

Na ndiyo hiyo tarehe kumi na tisa tuliyokuwamo, na kabichi kila upande.

Tulikwenda kwa muda wa kama saa mbili. Mpiga picha mmoja aliyevaa viatu vya bei mbaya alifunga begi lake akaingia ndani kulala. Fernande akafungua kapu, akatugawia pai ya nyama na matango ya siki. Akanipa kipande changu bila kunitazama usoni, kama anampa mtu wa foleni.

"Hebu shemeji," Huguette akaanza, mdomo umejaa, "hii tarehe ulipewa na nani? Redio ilisema mwanzo wa Oktoba. Padri alisema mwanzo wa Oktoba. Hata kuku wangu wanajua."

"Nilipewa na mti."

"Mti gani?"

"Ule wa uani kwetu. Umekuwa mwekundu tangu tarehe kumi."

Huguette akaacha kutafuna. "Mwekundu tawi moja, au wote?"

"Wote. Mpaka chini."

"Wote, tarehe kumi?" Akaweka pai yake juu ya karatasi. "Niambie kitu. Mwezi wa tatu uliutundikia ndoo ngapi?"

Nikatazama maji. "Nne."

"Nne! Fernande, umesikia? Ludger alikuwa anatundika ngapi?"

"Mbili," akasema Fernande. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu gatini.

"Mbili! Mti ambao mimi na mikono yangu hii mifupi naukumbatia karibu nimalize! Wewe mwanamume umeutoboa matundu manne?" Akapiga paja. "Shemeji, yale si majani yaliyoiva. Ile ni homa. Umeukamua mti mpaka umeugua, na mti mgonjwa hugeuka kabla ya wenzake. Kaka zangu, wanaogema kila mwaka, wangekuambia. Mtoto wa chekechea angekuambia."

"Kwetu hakuna miti hiyo," nikasema. "Gaspé ni misonobari."

"Si ungeuliza!"

Ningeuliza nani? Kila ambaye ningemuuliza angeanza na "Ludger alikuwa anafanya hivi". Hata zile ndoo nne zilitokana na hilo. Fernande alipata kuniambia kwamba Ludger alikuwa anatoa chupa mbili za asali kwenye ule mti. Nikatoa nne. Nilizipanga mezani asubuhi kabla hajaamka. Akaonja kwa ncha ya kijiko, akasema nzuri, ya Ludger ilikuwa nyeusi kidogo.

"Umeniulia mti wangu," akasema sasa, polepole.

"Haujafa."

"Kwa ajili ya nini, Zenon? Hata chupa mbili hatumalizi. Mbili nimempa padri."

Nikainuka, nikasema nakwenda kunyoosha miguu.

Nilipanda ngazi mpaka chumba cha usukani. Nahodha wa meli ile aliitwa Adelard, mzee mnene, sigara haijawashwa mdomoni, na meli ilikuwa mali yake. Aliniona mlangoni akanipungia niingie.

"Pole, mzee mwenzangu," akasema. "Mngengoja kama siku kumi na tano."

"Najua."

"Wewe si ndiye yule wa mjane wa Ludger?"

Hata mtoni. Hata katikati ya mto, saa mbili kutoka nyumbani. Nikasema ndimi.

"Nimemwona mama pale benchi la pili, nikajua. Ah, marehemu yule! Alinisumbua huyo." Akacheka mpaka sigara ikacheza. "Kila mwaka. Wiki ya tatu ya Septemba unamwona huyo anapanda, peke yake. Anakaa hapo ulipo, kuna sanduku la maboya hapo chini, analivuta analikalia. Hasemi. Anatazama milima kwenda, anatazama milima kurudi. Anashuka. Siku tatu nne, huyo tena. Mara tatu, mara nne. Mwaka mmoja alikuja mara tano, palikuwa na mvua nyingi, rangi ikachelewa. Mwishowe nikaacha kumkatia tiketi. Siku akiona imefika, anashuka mbio hata ngazi haijakaa sawa: kesho kutwa namleta mke wangu, niwekee benchi la pili kushoto, jua lisimpige machoni."

Nikashika ukingo wa dirisha. "Mkewe alijua?"

"Sidhani. Aliniomba nisimwambie, alitaka mama aamini ana pua." Akageuza usukani kidogo. "Lakini mtu ameshakufa, na mwenye nyumba sasa ni wewe. Siri ya nini?"

Nitasema kilichonipata, kama kilivyokuwa. Kwanza nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Kumbe hakuna pua! Kumbe naye alikuja akakuta kabichi, tena mara nne kwa mwaka, mtu yule yule wa kalenda zisizo na kosa. Halafu, nikiwa bado nafurahi, kitu kikanichoma chini ya mbavu. Kipaji ningekisamehe. Mtu hazaliwi akijichagulia pua. Lakini kuendesha gari saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, mara nne, ukakaa juu ya sanduku la maboya bila kusema neno ili mkeo apande mara moja tu na akute yameiva: hilo lilikuwa katika uwezo wangu. Miguu ninayo, siku ninazo. Halikunijia hata kichwani. Mimi nilikuwa nashindana na Ludger. Ludger hakuwa anashindana na mtu.

Ningenyamaza hapo. Ningeweza kushuka, nikakaa, nikala pai yangu. Lakini wivu ulikuwa umeshanipa kisu na mkono unawasha.

Nikamsimamia Fernande pale benchini. "Huyo Ludger wako hakuwa ananusa chochote."

"Umeanza nini tena?"

"Alikuwa anakosea kama mimi. Zaidi yangu! Anakuja hapa peke yake, anakuta kijani, anarudi. Anakuja tena. Mara tatu, mara nne kila mwaka, mpaka aikute rangi. Ndipo anakwenda kusimama chini ya mti na kikombe kukupigia hadithi ya pua. Muulize nahodha. Miaka ishirini na sita amekudanganya."

"Toba!" akasema Huguette.

Fernande alinitazama, kwa mara ya kwanza siku ile. Nilingoja uso wake uanguke. Nasema kweli, niliungoja.

"Mara nne?" akauliza.

"Mwaka mmoja tano, ule wa mvua nyingi."

"Septemba?"

"Septemba."

Akaweka mkono mdomoni. "Meno," akasema.

"Meno gani?"

Alimgeukia Huguette. "Unakumbuka yale meno yake? Kila Septemba anakwenda La Baie kurekebisha meno." Ludger, kama wengi wa rika lao huku, aling'olewa meno yote kabla ya harusi akawekewa ya bandia. "Nikamwambia, Ludger, hayo meno yanakua? Mbona kila mwaka yanataka fundi? Ananiambia, fizi, mama. Fizi zinasinyaa."

"Fizi!" akasema Huguette.

"Na mimi, Mungu anisamehe, nikadhani ana mwanamke huku. Miaka miwili mizima! Mwaka ule wa mvua nilimnunia mpaka Krismasi. Nilimpikia viazi vitupu. Alikula viazi, Huguette, alikula mpaka Krismasi na hakusema. Angeweza kusema neno moja tu."

Akaanza kucheka, na machozi yakaja ndani ya kicheko, na alikuwa mzuri kwa namna ambayo mimi sikuwahi kuiona kwa miaka yote niliyoishi naye. Nilikuwa nimemletea mume wake upya, bora kuliko alivyomzika. Nilimleta mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Akainuka. Nikampa mkono kwa ajili ya mguu wake, akaupita. Alipanda ngazi zile za chuma moja moja, akishikilia bomba, akipumzika, akipanda. Kupitia kioo nilimwona Adelard akivuta kitu kutoka chini ya meza, na Fernande akakikalia, akaweka mikono magotini, akaikazia macho milima ya kijani kana kwamba kuna mtu anamwonyesha. Hakushuka mpaka tuliporudi La Baie.

Huguette akasogea benchini, akanipisha. Akanivunjia nusu ya pai ya sukari aliyokuwa ameificha kwenye mkoba wake.

"Shemeji," akasema, na safari hii hakuwa anatania, "kula. Wewe ni mjinga sana."

Nikala.

Gatini Fernande alikuwa wa mwisho kushuka. Adelard alimshika kiwiko kwenye ngazi. Nikamsikia anamuuliza, "Yataiva lini?"

"Tarehe mbili, tatu. Kama upepo hautatukorofisha."

"Niandikie ya tarehe tatu."

"Nafasi ngapi, mama?"

Nilikuwa nimesimama hatua nne kutoka pale, na kapu tupu mkononi. Alinitazama vizuri tu, bila hasira, kama unavyomtazama fundi aliyekwisha kumaliza kazi yake.

"Moja," akasema.

Tarehe tatu Oktoba alikwenda. Huguette alimpeleka kwa gari lake akamngoja gatini kutwa. Jioni Fernande aliniambia yalikuwa yameiva, akala supu, akaenda kulala. Ule mti wa uani ulichipua upande mmoja tu mwaka uliofuata, na mwaka wa tatu haukuchipua. Niliukata mwenyewe kwa msumeno.

Tuliishi pamoja miaka mitano zaidi. Hatukugombana. Kila msimu wa majani alikwenda mtoni peke yake, mara mbili au mara tatu, mguu na yote, mimi nikabaki kupaka rangi au kupanga kuni. Alikufa mwezi wa pili, kwa moyo, jikoni. Walimzika kando ya Ludger. Jina lake lilikuwa limekwisha kuchongwa kwenye lile jiwe tangu siku ya mazishi ya Ludger, ilibaki kuongeza mwaka. Nyumba alipewa mpwa wake wa Alma, ambaye aliniambia nikae mpaka majira ya joto, nikakaa mpaka Aprili.

Adelard aliuza meli kwa watu wawili wa Quebec mjini, naye anakaa Rimouski kwa binti yake. Huguette aliolewa tena akiwa na miaka sabini na mitano, na fundi wa redio wa Jonquière, na wakahamia huko. Mimi nimerudi Gaspé. Nimepanga chumba nyuma ya duka la vifaa vya uvuvi, na siku tatu kwa wiki nawashonea watu nyavu.